Shahidi wa Halimo

Kijiji Kipya, chini ya Runyenjes, Embu
20 Juni 1954

Kwa dada yangu Halimo,

Nakusalimu kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia umechubuka kwa jembe na hata kushika kalamu ni kazi. U mzima? Mwanao Faadumo je, kile kifua chake kimepoa, ama baridi ya huko bado inamtesa? Mimi ni mzima kama mtu atanitazama kutoka mbali.

Najua ulinitafuta. Ile Jumanne walinikuta barazani kwako na futi ya kupimia nguo shingoni, wakanipandisha lori hivyo hivyo. Waembu wote wa Makutano tuliwekwa uwanjani siku mbili. Yule mtu aliyevaa gunia, ambaye huonekana macho tu, alipitishwa mbele yetu, na akitingisha kichwa unatolewa kwenye mstari. Kwangu hakutingisha. Kisha Mzungu akaniuliza, "Wewe Mwembu, nafanya nini Meru?" Nikamwambia nashona. Akasema mahali pa Mwembu ni Embu. Nimekaa Makutano miaka tisa, Halimo, na siku hiyo nikaambiwa nilikuwa nimepotea njia.

Sasa niko na mama yangu Cicily katika nyumba ya udongo ambayo bado haijakauka. Kijiji kizima kimezungushiwa handaki, na handaki hilo tumelichimba sisi wenyewe, kila asubuhi mpaka saa saba, homugadi, askari wa chifu, wakitusimamia na mikuki. Kutoka hapa hadi sokoni nahitaji barua ya chifu.

Cherehani yangu usiiache ishike kutu. Mwache Faadumo ajifunzie. Na wewe uendelee kuandika kwa mkono wako, usimpe mtu akuandikie. Sikukufundisha miaka miwili ili uje kukodi karani.

Na kwa habari ya karani, barua zetu hupita mikononi mwa mmoja hapa kabla ya kwenda posta. Karani, kama umefika hapa, salamu kwako pia. Huyu Halimo ni Msomali mwenye hoteli ya chai Makutano, na tunaandikiana Kiswahili kwa sababu yeye hajui Kiembu nami sijui Kisomali. Hakuna siri nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
Wambura

*

Makutano, Meru
8 Agosti 1954

Abaayo, dada yangu Wambura,

Asalaam aleikum. Najua wewe ni mtu wa kanisa lakini salamu ni salamu. Hujambo? Mama Cicily hajambo? Mkono umepona? Sisi alhamdulillahi. Faadumo kifua kimepoa.

Barua hii nimeiandika siku tatu. Nimefuta mara nyingi, utaona karatasi imechakaa. Cherehani iko salama. Faadumo ameshona mto mmoja, umepinda.

Sasa nikupe habari. Imetoka amri kwamba sisi wote tuliotoka nje tuwe na karatasi ya uraia, ama turudishwe tulikotoka. Mimi nirudi wapi? Nilizaliwa karibu na Jijiga, upande wa Wahabeshi, na nilitoka huko nikiwa na miaka kumi na miwili, nikitembea nyuma ya ngamia. Sikumbuki hata kisima chetu. Marehemu Isaack alinioa Isiolo, akanileta hapa, na unajua lori lilimuua pale Timau na nilimzika hapa hapa Meru. Faadumo hajui nchi nyingine. Wakinipeleka mpakani nitakuwa mgeni pande zote mbili.

Nimejaza fomu. Wanataka wadhamini wawili wa kusema nina tabia njema. Mwenye duka la vitambaa amekubali, na yule mwenye lori za ngano za Timau amekubali. Baadaye nitaitwa kwenye mahojiano. Shemeji yangu Gedi, unamjua, mdogo wa Isaack anayeendesha lori, anasema nikiulizwa chochote nijibu "Ndiyo bwana." Nimemwambia kwa umri huu mdomo wangu hautajifunza.

Dada yako,
Halimo

*

Makutano
11 Machi 1955

Abaayo Wambura,

Hujambo na mama hajambo? Sisi tuko hai. Barua hii haipiti posta. Gedi ataileta mwenyewe akipata kibali cha barabara ya Embu, kwa hivyo nitaandika bila kuuma maneno.

Juzi nimehojiwa.

Ni chumba kidogo. Mzungu mmoja, kijana, na karani wake upande huu. Mzungu anaongea Kiswahili kile chao.

"Wewe nataka kuwa raia?"

"Nataka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu naishi hapa."

Akaniuliza jina la Kwini, nikalitaja. Akaniuliza nimekaa miaka mingapi, nikamwambia ishirini na mmoja. Akauliza kama nimewahi kufungwa, nikamwambia bado. Karani akacheka, Mzungu akamtazama, akarudi kwenye kalamu yake. Kisha akasema lazima nithibitishe naijua lugha ya nchi, akanipa tangazo nisome. Lilikuwa lile la kafyu, linalosema nani asionekane njiani na saa ngapi. Nikalisoma lote, polepole, kidole chini ya neno, kama ulivyonifundisha. Nilipomaliza akasema, "Mzuri sana, mama." Nikafurahi, wallahi. Niliona karatasi tayari iko mkononi.

Basi akasukuma karatasi nyingine mbele yangu na kalamu juu yake. Akasema, "Weka sahihi hapa, halafu sisi namaliza."

Nadhani alikuwa ameshasahau kwamba dakika hiyo hiyo nimemsomea. Nikaisoma. Imeandikwa kwamba mimi, Halimo, nimeona kwa macho yangu Mwembu anayeitwa Wambura akishona makoti ya watu wa msituni katika baraza ya hoteli yangu, na kwamba nimewaona wakija kuyachukua. Iko na tarehe. Iko na idadi ya makoti. Mtu aliyeiandika hajawahi hata kupita mbele ya baraza yangu, kwa sababu amesema iko upande wa soko, na sivyo.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, "Bwana, mimi nimekuja kuomba uraia. Hii ni kazi nyingine."

Akasema, "Raia mzuri nasaidia serikali."

Nikasema, "Mwanamke huyu amenifundisha kusoma. Nikiweka sahihi hapa, nitakuwa nimesoma kwa faida gani?"

Akapiga meza. Akasema wadhamini wangu wanaweza kubadilisha mawazo, leseni ya hoteli inaweza kukwama, na kwamba mpaka wa Moyale si mbali kwa lori. Nikamwambia najua, mume wangu alikuwa dereva wa njia hiyo. Nikasimama, nikatoka. Nilishika ukuta, lakini nilishika nikiwa nimefika nje.

Sikutia sahihi, Wambura. Ukisikia vingine, ujue nimekuandikia hivi.

Dada yako,
Halimo

*

Makutano
2 Desemba 1955

Abaayo,

Hata sijui nikusalimie uko wapi.

Gedi alifika Runyenjes mwisho wa Machi. Mama Cicily akamwambia ulichukuliwa tarehe kumi na nne, ukavushwa daraja kwa lori, na hakuna aliyemwambia zaidi. Barua yangu ilirudi jinsi ilivyokwenda, haijafunguliwa. Nimeiweka sandukuni. Na hii nitaiweka hapo juu yake.

Naogopa kitu kimoja tu, kwamba wamekwambia nilikutaja, nawe huna barua ya kukwambia sivyo.

Dada yako,
Halimo

*

Kijiji, chini ya Runyenjes
17 Novemba 1957

Kwa dada yangu Halimo,

Salamu baada ya miaka. U hai? Faadumo amekuwa msichana mkubwa sasa, sivyo? Mimi nimerudi wiki tatu zilizopita. Meno mawili sina, na nywele wanazikata huko, lakini zinaota. Mama nilimkuta. Ni yeye aliyesema Gedi hupita Jumapili, basi nikamngojea barabarani na kumpa hii.

Nitakueleza yaliyotokea mara moja, halafu tusiyarudie.

Walinichukua Machi, ule mwaka wa hamsini na tano. Kwanza waliuliza mambo ya makoti. Nikasema ndiyo, nimeshona makoti. Mimi ni fundi. Aliyekuja na kitambaa nilimshonea, na sikumuuliza anakwenda kulala wapi. Wakasema tunataka majina. Nikasema wateja walitaja vipimo vyao, si majina. Wakanifanyia yale wanayofanya, na ndipo meno yalipokwenda.

Siku ya tatu akaja Mzungu kutoka Meru, kijana, na karatasi. Akasema, "Rafiki yako Msomali nasema yote. Yeye nataka uraia, wewe naweza kufa, yeye hapana jali." Akanisomea. Makoti, tarehe, watu wa msituni. Halimo, sitakudanganya: kwa muda wa kama kupumua mara tatu niliamini wewe ni msaliti. Niliwaza, ana mtoto, ana haki ya kuogopa. Nilikuwa hata nimeanza kukusamehe.

Nikamwambia, "Nionyeshe alipotia sahihi."

Akanigeuzia karatasi. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, kubwa, nyeusi.

Nilicheka. Walikuwa wamenipiga siku mbili, mdomo umevimba, na nilicheka mpaka nikakohoa damu. Nikamwambia, "Bwana, huyo mwanamke anajua kuandika. Ukimpa wino aweke dole gumba atakutukana kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Nilimfundisha mwenyewe, herufi kwa herufi, na ile H ilitusumbua Ramadhani nzima. Rudi Meru utafute mwenye dole hili."

Karani aliyekuwa naye akainama kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo. Mzungu akawa mwekundu. Kwa kicheko hicho niliandikiwa kambi ya wanawake, miaka miwili na nusu, kubeba mawe. Wakanipa nafasi ya kuomba msamaha kila baada ya miezi mitatu. Mara ya kwanza nilisema sina kosa. Zilizofuata sikujibu.

Sikujua kama ulipata karatasi yako. Nilijua tu hukuipata kwa jina langu.

Mdogo wako,
Wambura

*

Ruiri
5 Januari 1958

Abaayo, abaayo Wambura,

Asalaam aleikum, na salamu kwa mama Cicily aliyekungoja. Barua yako Faadumo amenisomea kwa sauti kwa sababu mimi macho yalijaa. Tulipofika kwa dole gumba nilimwambia arudie. Kisha nikatoka nje nikatukana kwa Kisomali na kwa Kiswahili, kama ulivyosema.

Nakutumia na zile barua mbili zilizokuwa sandukuni. Zisome kwa kufuata tarehe.

Karatasi sikupata. Mwenye duka la vitambaa alijiondoa kwenye udhamini wiki ile ile, na mwenye lori za ngano akasema hanikumbuki, mtu aliyekunywa chai yangu miaka minane. Leseni ya Makutano haikurudi. Nimehamia hapa Ruiri, karibu na soko la ng'ombe. Mzee Kathuri na mkewe Teresia walinipa mahali pa kuweka mabati, wakasema wauza ng'ombe wananuka njaa na wanahitaji chai. Napika mikate yetu ya anjera na maharagwe. Faadumo anashona barazani, na mito haipindi tena. Mpaka wa Moyale hawajanipeleka. Askari huja mara moja kwa mwezi kuniambia watanipeleka.

Sasa yule Mzungu amehamishwa, amekuja mwingine, mtu mzima, naye anafungua majalada ya zamani. Nimeitwa tena. Anataka mashahidi wapya wawili walionijua miaka mitano au zaidi. Mmoja ni Teresia, ambaye alikuwa akiniletea maziwa Makutano tangu Isaack yu hai. Karani akauliza wa pili ni nani. Nikasema Wambura, fundi wa Embu. Akanong'ona, "Mama, huyo ametoka kizuizini. Utajiharibia. Tafuta mwingine, tafadhali."

Nikamwambia andika.

Lakini wewe sikukuuliza, na ukisema hapana nitaelewa. Umebeba mawe ya kutosha. Siku yenyewe ni tarehe ishirini Februari.

Dada yako,
Halimo

*

Kijiji
2 Februari 1958

Dada Halimo,

Hujambo? Sisi hatujambo. Gedi anapiga honi, kwa hivyo nasema haraka.

Nimekwenda kwa chifu kuomba kibali cha Meru. Akauliza cha nini. Nikasema nimeitwa na serikali kutoa ushahidi. Akasema, "Wewe? Serikali ikuite wewe?" Nikamwonyesha jina langu kwenye karatasi ya wito uliyompa Gedi aniletee. Akaigeuza mbele na nyuma. Akanipa siku moja, kwenda na kurudi, na homugadi mmoja wa kunichunga.

Siku moja inatosha. Nakuja.

Mdogo wako,
Wambura

*

Kijiji
25 Februari 1958

Kwa dada yangu Halimo,

Salamu. Ulifika Ruiri salama? Teresia naye? Nimekuona na sijakusalimia, miaka karibu minne, na hata mkono hatukushikana. Nilikuona ukivuka ule uwanja wa ofisi na shali nyekundu, nikainua mkono, homugadi akaushusha. Nadhani uliniona, maana ulisimama. Halafu wakanipandisha lori.

Wewe ulihojiwa kwanza, sijui ulijibu nini. Nikupe langu.

Mzungu huyu ni mpole wa maneno. Aliniambia niketi, na miaka yote hii hakuna aliyeniambia niketi. Akafungua jalada.

"Wewe ulikuwa kizuizini."

"Nilikuwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kucheka, bwana."

Akasoma tena jalada lake, nadhani akakuta ni kweli, maana alikohoa. Akaniuliza nimekujua vipi. Nikamwambia: barazani kwake nilishona miaka tisa na hakuna siku alinihesabia chai. Mume wake alipokufa nililala naye chini kwenye mkeka siku saba. Anajua kusoma, nilimfundisha mimi. Anasema ukweli hata pale ambapo uongo ungempa kitu, na mkitaka kuthibitisha hilo fungueni jalada hilo hilo, ukurasa wa mahojiano ya kwanza.

Akafunga jalada. Kisha akasema, na hapa alisema taratibu kama mtu anayemweleza mtoto: "Lakini wewe fahamu, mama. Wewe mwenyewe hapana pasi ya kutembea bila ruhusa. Wewe ni nani wa kumshuhudia mtu apate uraia?"

Halimo, sikuwa nimepanga neno. Njiani nzima nilikuwa napanga mengine. Lakini nilisimama, nikamwambia:

"Mimi ni mwenyeji. Huyu mwanamke anaomba kuwa mtu wa nchi hii, na nchi hii ni ya kwetu sisi. Nyinyi mlipaswa kuniuliza mimi kwanza, tangu mwaka ule. Na mimi nimekubali. Andika hivyo."

Kalamu ya karani ilisimama. Mzungu akasema, "Hiyo hapana andika." Karani aliinamisha kichwa, lakini nilimwona mkono. Aliandika.

Niliporudi hapa wamenipa adhabu ya wiki mbili za kazi ya barabara kwa kujibu vibaya. Nimeshamaliza siku tatu. Mama ananiuliza ninacheka nini.

Niambie jibu likija.

Mdogo wako,
Wambura

*

Ruiri
16 Januari 1960

Abaayo Wambura, dada yangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Mama Cicily miguu imeshuka uvimbe? Faadumo anakusalimu, ni mke wa mtu sasa, ana tumbo la miezi minne na anakula udongo nikimpa kisogo.

Jibu umelingoja karibu miaka miwili, ukaniuliza kwa mdomo wa Gedi mara tano, nami nikamwambia aseme bado. Nisamehe. Halikuwa bado. Lilikuja Juni ile ile ya hamsini na nane, mistari mitatu ya Kiingereza. Mwalimu wa hapa alinisomea: ombi limekataliwa, tabia njema haikuthibitishwa, mhusika ahesabiwe mgeni na ajiandikishe kila mwaka. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa bado unahitaji barua ya chifu kwenda sokoni, na sikutaka ufikirie kwamba adhabu ile uliipata bure.

Haikuwa bure. Yule karani alihadithia kila kitu. Neno lako lilifika Makutano kabla yangu, na Ruiri likafika siku ya soko. Wauza ng'ombe walinywa chai wakiambiana, "Mwembu alimwambia Mzungu, mlipaswa kuniuliza mimi kwanza." Askari walipokuja mwezi uliofuata na maneno yao ya Moyale, Teresia alitoka na kinamama wa maziwa, kama kumi na watano, wakaketi kwenye mlango wangu na vibuyu vyao. Hawakupiga kelele. Wakaketi tu. Askari wakauliza wanafanya nini. Teresia akasema, "Tunangoja chai." Wakangoja mpaka jua likaanguka, na askari wakaondoka. Hawajarudi na neno hilo.

Juma hili wametangaza kwamba Hali ya Hatari imekwisha. Siku mbili baadaye nikaitwa tena ofisini, mara ya tatu. Mzungu mwingine, wa tatu huyu, na tabasamu. Akasema mambo yamebadilika, nijaze fomu mpya, wataniuliza maswali machache tu, safari hii hakuna shida.

Niliitazama ile fomu. Nitakwambia kweli, mkono ulitaka. Ningeipata, ningelala usingizi mzuri. Lakini nikaona nitaketi tena pale, nimtajie huyu Kwini wake na miaka yangu, kana kwamba ndio kwanza nimeshuka kwenye ngamia.

Nikamwambia, "Bwana, mimi nimeshahojiwa."

Akapekua jalada. "Lakini hapa inasema ulikataliwa."

Nikamwambia, "Soma ukurasa wa nyuma wa huo. Ule ulioandikwa kwa mkono."

Akausoma. Sijui karani aliandika vipi, lakini Mzungu alisoma mara mbili, na alipoinua uso hakuwa na tabasamu. Akauliza, "Sasa nataka nini?"

"Sitaki kitu," nikasema. "Nimepita kukujulisha tu. Siku watakapoketi wenye nchi wenyewe kwenye hicho kiti chako, nitakuja nijaze fomu yao."

Nikaiacha ile fomu mezani, nyeupe.

Sasa sikiliza. Gedi anakwenda Embu Alhamisi na nitakuwa kiti cha mbele. Sijaomba ruhusa ya mtu, na wewe usimwombe chifu ruhusa ya kunipokea. Njoo mpaka barabarani tu, ukasimame pale lori linaposimama, na safari hii akija mtu kushusha mkono wako, tutakuwa wawili.

Nyama usinunue, nitakuja na yangu. Weka maji ya chai.

Dada yako,
Halimo